Mrejesho: sungura wa katuni wa trei za mayai, nyufa na ukungu vimekwisha

Wakuu, niliuliza kwa nini sungura wa katuni niliyemtengeneza kwa chupa ya maji ya lita 1.5 na trei za mayai anapasuka shingoni na kuota ukungu. Majibu yenu yamefanya kazi, asanteni sana.

Nyufa zilitokana na unene. Rojo la trei (trei zilizolowekwa na kupondwa) likipakwa nene, juu hukauka na kusinyaa ndani kukiwa bado kubichi. Sasa napaka milimita 3 tu, nasubiri ikauke hadi ikigongwa itoe mlio mkavu, ndipo naongeza. Shingoni nimezungusha vipande vya gazeti vilivyochanwa kwa mkono. Kingo zenye nyuzi hushikana kuliko zilizokatwa kwa mkasi. Plastiki ya chupa inateleza mno, rojo halishiki, kwa hiyo ipigeni msasa kwanza.

Ukungu nao, kwa unyevu wa Dar, hasa masika, unaupenda sana uji wa ngano unaotumika kama gundi. Badala yake nimetumia gundi nyeupe ya mbao sehemu 2, maji sehemu 1, na kukausha mbele ya feni.

Masikio ya boksi yameshikwa na waya unaoshuka hadi ndani ya chupa. Mchanga vikombe 2 chini, hayumbi. Macho ni vizibo vya soda.