Mtoto wa mbwa amegoma kula, nimpikie nini? (Niko Kigoma)

MpishiKatubuka (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, Katubuka. Naishi peke yangu kwa sasa, familia bado iko Tabora. Jirani alinipa mtoto wa mbwa, ana miezi miwili na kitu, nimempa jina Bobi. Nilikuwa mtu wa kula kwa mama ntilie, huyu mbwa ndiye aliyenirudisha jikoni. Sasa nasonga ugali wa muhogo mwenyewe, naunga dagaa, nikipata nafasi nashuka Kibirizi kutafuta samaki aina ya migebuka nakaanga kwa mawese. Ninachopika ndicho tunachokula wote wawili.

Tangu juzi amekataa chakula. Ananusa, anageuka, anaenda kulala chini ya meza. Jana katapika. Naomba ushauri: nibadilishe unga? Nimpe sembe au wali? Au ni mchanga wa kwenye dagaa? Nampenda sana huyu mnyama, usiku silali vizuri.

JogooLaReli
Mbwa anakula migebuka kwa mawese, mimi hapa Uvinza nimeshindia mihogo ya kuchemsha. Mkuu nitumie nauli nije nibweke.

MamaWawili
Muhogo usiuonee bure. Ukilowekwa vizuri na kukauka jua la kutosha hauna neno. Wenye sumu ni ule mchungu unaofanyiwa haraka haraka. Kwetu Kasulu mama alikuwa anaukagua kwa kuuvunja na kuunusa kabla haujaenda mashineni, na ole wako uwe umeuanua kabla ya siku yake. Mbwa wetu walikula ukoko maisha yao yote. Siku hizi watu wanaleta mambo ya wali kwa mbwa.

MjukuuWaUjiji
Mimi najibu hapo kwenye mchanga. Uliza dagaa walianikwa wapi. Wa kwenye chanja ni wasafi, wa kwenye mchanga wa ufukweni hata uwaoshe vipi meno yatakuambia. Wachambue, wakaange kavu kwenye sufuria mpaka waanze kulia, mwaga maji ya moto juu yao, sugua taratibu kwa mikono, mwaga. Rudia hadi maji yawe safi. Ndipo unaweka mawese, kitunguu kingi kiive kabisa, nyanya, ndimu mwishoni. Mbwa gani atakataa hapo?

MpishiKatubuka
Ahsante sana MjukuuWaUjiji. Hivyo hivyo ndivyo ninavyopika, tena kitunguu sibani. Kwa hiyo tatizo siyo mapishi.

MfugajiMwandiga
Mleta mada, weka unga pembeni kwanza. Jibu haya: Anaharisha? Kuna damu? Mkojo una rangi gani? Mfunue mdomo utazame fizi, ni za pinki au zimepauka? Amechanjwa? Amepewa dawa ya minyoo?

MpishiKatubuka
Haharishi. Chanjo bado, nasubiri akue kidogo. Dawa ya minyoo nampa. Mkojo umekolea kiasi, nadhani hanywi maji ya kutosha.

MfugajiMwandiga
Unampa dawa gani?

MpishiKatubuka
Ya asili tu.

MfugajiMwandiga
Ya asili ipi, kaka? Na huo mkojo umekolea namna gani? Tunakuuliza ili tukusaidie.

MpishiKatubuka
Kitunguu saumu. Natwanga, nachanganya kwenye mchuzi wake asubuhi na jioni. Bibi yangu alitutibu minyoo hivyo hivyo na wote tuko hai. Nilishanunua cha kutosha na nilipanga kumaliza dozi kwanza, maana ukikatisha minyoo inarudi. Mkojo ni kama chai ya rangi iliyokaa jikoni muda mrefu, sakafu ya saruji imebaki na doa. Fizi nimeangalia sasa hivi, ni nyeupe-nyeupe. Lakini nilisoma kitunguu saumu kinasafisha damu.

MfugajiMwandiga
Acha leo. Dozi usiimalize. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi, kilichoiva au cha unga, vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Saumu ina nguvu zaidi kwa uzito ule ule. Kupika hakuondoi kitu. Dalili huchelewa siku kadhaa ndiyo maana mtu hahusishi: mnyama anachoka, anakataa kula, fizi zinapauka, anahema haraka, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia kwa sababu damu iliyovunjika inatokea huko. Mtu ana kilo zake sitini, huyo wako hafiki hata tatu. Bibi hakukosea kwa wajukuu, ila Bobi si mjukuu.

Kitu cha pili: kupe. Kuna ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, nao hupausha fizi na kubadilisha rangi ya mkojo. Mtazame ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kwa macho hutajua ni kipi, anahitaji kupimwa damu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho asubuhi, usisubiri.

MpishiKatubuka
Kupe! Nilimtoa mmoja sikioni wiki ile alipofika. Basi ni kupe, mchuzi hauhusiki. Hapo sawa, nitamnunulia dawa ya kuogeshea, na saumu naendelea nayo kidogo kidogo.

MfugajiMwandiga
Usiendelee nayo hata kidogo. Hata kama ni kupe, damu ni hiyo hiyo moja. Unataka ishambuliwe pande mbili? Na dawa za kuogeshea ng'ombe usimmwagie mtoto wa mbwa kwa kukadiria, zinaua.

UstadhiBangwe
Ndugu yangu, tumhurumie kiumbe, hilo sina neno. Lakini mbwa akae nje na chombo chake kiwe chake. Umesema analala chini ya meza ya chakula. Watoto wakija kutoka Tabora wataishika minyoo yake, na ipo inayoingia kwa binadamu. Osha mikono kwa sabuni.

KamandaWaUzi
Nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai. Huyu huyu miezi michache nyuma alikuwa na uzi wa mashine ya kutotolesha vifaranga, akasema yuko Tabora na mke wake ndiye mpishi. Leo yuko Kigoma, kapera, anakaanga migebuka. Picha ya mbwa iko wapi? Watu wanakesha kutibu mbwa wa kufikirika.

JogooLaReli
Mkojo rangi ya chai, uzi nao chai. Leteni maandazi.

MamaWawili
Mimi pia nilishangaa. Mwanaume anayejua kuunga dagaa hivyo anaomba ushauri wa nini?

MjukuuWaUjiji
Mama, kupika siyo ushahidi wa uongo. Mimi nilijifunza nikiwa kambi ya uvuvi, na hakuna mwanamke aliyekuwepo.

MpishiKatubuka
KamandaWaUzi, uzi wa vifaranga ni wangu. Nilihamishwa kikazi, nikapanda treni na mabegi mawili, mke amebaki mpaka watoto wafunge shule. Ndiyo maana napika. Sikuja hapa kutafuta sifa. Picha nimeambatisha hapo chini, nimemfunua mdomo, tazameni fizi wenyewe.

MfugajiMwandiga
Nimeiona. Hata kama hii habari ingekuwa ya kutunga, kuna mtu anasoma hapa na jioni hii anamwagia mbwa wake mchuzi wa kitunguu. Fizi kama hizo hazisubiri mabishano. Usiku huu mwache apumzike, maji safi karibu, usimlazimishe kula.

KamandaWaUzi
Picha nimeiona. Naondoa neno. Mpeleke.

MpishiKatubuka
Mrejesho wakuu. Nimefika asubuhi, nimekuta foleni ya watu wenye mbuzi, daktari alipofunua kitambaa nilichomfunikia Bobi akaniita mbele. Amemtoa damu. Ugonjwa wa kupe haukuonekana kwenye kipimo, damu yenyewe ndiyo imepungua. Hakuna dawa ya kufuta sumu ya kitunguu, kamtundikia maji, kampa vitamini, na kesho nimrudishe aangaliwe kama anahitaji kuongezwa damu. Minyoo atapewa dawa yake akipata nguvu, na chanjo baada ya hapo. Ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu.

Chakula: wali laini na dagaa waliooshwa chumvi ikaisha, au kuku aliyetolewa mifupa. Bila mawese, bila kitunguu. Mchana huu kalamba kijiko kimoja cha wali kutoka mkononi kwangu akalala.

MamaWawili
Pole baba. Mfupa wa kuku uliopikwa kweli usimpe, unapasuka vipande vyenye ncha. Sasa MfugajiMwandiga, wangu anakula sabuni ya mche. Nifanyeje?

MfugajiMwandiga
Ana umri gani, na sabuni unaiweka wapi?