Baiskeli ya mbio kwa bajeti ya kati hapa Tanga: tupeane uzoefu

Wadau wa Tanga na majirani wa Muheza na Pangani, habari za saa hizi. Mji huu baiskeli tumezaliwa nazo, ila nyingi ni zile za keria na kengele. Mimi nataka ya mbio, usukani uliojikunja na matairi membamba, nitoke Chumbageni alfajiri, nifike Muheza, nirudi kabla jua halijakaza. Mfukoni kuna milioni moja, nikijibana inaongezeka laki mbili. Aliyenunua kwa pesa yake aseme alichukua nini na alikagua nini. Mpya au mtumba? Alumini au chuma?

Mdau wa Ngamiani, barabara ya 12

Mkuu, mtumba. Kwa hela hiyo, mpya utauziwa rangi. Yangu fremu ni alumini, foki ya mbele kaboni, gia za kampuni ya Shimano, daraja la Sora, na bado chenji ilibaki ya kofia na taa.

Ngazi za Shimano za baiskeli za barabarani, kuanzia chini, ni Claris, Sora, Tiagra, halafu 105. Za miaka hii Claris ina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na 105 ni 11 au 12. Vijana wanagombania 105 ili wakipiga picha pale Raskazone ionekane. Lakini gia zikiongezeka cheni inakuwa nyembamba na bei ya vipuri inapanda. Claris iliyotunzwa inakutosha kabisa kwa njia ya Muheza.

Siku ya kununua nenda na rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, huku cheni imekazwa, kisha tazama kwenye 12. Cheni nzima, alama ya 12 inaangukia katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita alama kwa moja ya nane ya inchi, hiyo cheni imeisha, na kuna uwezekano mkubwa imeshatafuna meno ya nyuma. Muuzaji wangu alipoiona rula alicheka. Nilipomwonesha pini ilipokaa akaacha kucheka, tukaanza bei upya.

Dada wa Raskazone

Kaka yangu wa barabara ya 12 kasema gia, mie naongeza chumvi. Sisi wa karibu na bahari upepo wenyewe unakula vyuma. Chuma inashika kutu, hilo mnalijua. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi inaota unga mweupe na vitu vinagandana.

Pa kwanza pa kutazama ni bomba la siti. Mwambie muuzaji alegeze boliti, alipandishe na alishushe mbele yako. Kuna fremu ya chuma niliiona sokoni, nzuri hasa, bei ya kutupa, ndani limo bomba la alumini. Wanaume wawili wameling'ang'ania, mmoja kashika fremu, mwingine anazungusha siti, wapi! Na mie mfupi, siti ile nilitaka ishuke. Nikaiacha.

Hapo pia pana habari ya saizi. Mitumba mingi ni ya wazungu warefu, fremu ya sentimita 56 na 58. Mie natumia ya 49. Simama umeipanda katikati, miguu yote miwili chini, bomba la juu lisikuguse. Likikugusa usidanganywe kwamba utazoea. Gia nzuri kwenye fremu kubwa ni maumivu ya mgongo tu.

Mdau wa Pongwe

Kaboni ya mtumba msiiguse. Ufa wake unajificha chini ya rangi. Na ukipita huku nunua taa nyekundu ya nyuma kabla ya kitu kingine chochote, malori ya saruji hayana utani.

Fundi, Mabawa

Mmesema vizuri ila mmesahau miguu ya baiskeli. Kila wiki naletewa tairi lililonunuliwa dukani limeandikwa 28, halikai. Lile la Phoenix, 28 kwa moja na nusu, linakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635. Ringi ya mbio, ile ya 700C, ni 622. Milimita 13 hizo hata ulivute vipi litacheza. Halafu kuna 28 nyingine, ya unene kwa milimita: 700x28. Ukienda dukani sema namba yote, usiseme "ishirini na nane" ukanyamaza.

Unene nashauri huo huo wa 28. Matairi ya 23 yanataka upepo mwingi hadi yawe magumu, na kwenye lami yenye kokoto mikono inakufa ganzi. Uliza kama fremu na breki zina nafasi ya kupokea 28, za zamani nyingi zinaishia 25. Pua ya tyubu zake ni nyembamba, pampu ya kawaida haiingii, kwa hiyo nunua kile kiunganishi kidogo ukae nacho mfukoni.

Gia ikilegea nakurekebishia nikiwa nakunywa kahawa. Ringi iliyoliwa sina dawa yake.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Kuna moja nimeiona, alumini, Tiagra, saizi inanifaa, breki za kubana ringi. Anataka laki tisa. Ringi zina kama mfereji hivi ukipitisha kidole.

Fundi, Mabawa

Weka rula yako ile pale breki inapobana. Ringi nzima iko bapa. Mwanga ukipita katikati, pamebonyea kama sahani, breki zimeshaila, na ikizidi kuwa nyembamba inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi. Toa bei ya ringi mbili na spoku kwenye hizo laki tisa. Akikataa mwachie. Akikubali, usilipe kwanza, iburute hadi kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri, tulijaribu na hilo bomba la siti.