Ushauri: mtoto kaniuliza mbona tulio karibu na jua ndio tunaovaa masweta, nimekwama

FundiWaUyole:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Uyole, shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msinicheke. Nina binti yuko darasa la tano. Wiki iliyopita kaleta karatasi ya jaribio, kapata kumi na moja kati ya thelathini. Maswali yote ni ya dunia na anga: kimondo, mhimili, majira, magma, mmomonyoko, mambo hayo. Daftari kalikariri lote, ukimuuliza usiku anajibu kama redio. Ukigeuza swali kidogo tu, kimya.

Kwa mfano, "Kimondo ni nini?" kaandika nyota iliyoanguka. "Kwa nini Juni kuna baridi?" kaandika kwa sababu Dunia iko mbali na jua. Kakosa yote mawili. Hili la pili hata mimi ningejibu hivyo hivyo.

Jana tunakula, akaniuliza: "Baba, kama joto linatoka kwenye jua, mbona sisi tuko juu, karibu na jua, tunavaa masweta, na kwa bibi Kyela kule chini wanalala bila shuka?" Nikamwambia amalize ugali kwanza.

Nimpeleke tuisheni, au kuna namna ya kumwelewesha nyumbani?

Mpitanjia:
Tuisheni mkuu. Usijitese.

MwlMstaafu_Tukuyu:
Fundi, usimkimbize tuisheni mtoto anayeuliza swali kama hilo. Huyo anafikiri, tatizo ni maneno amepewa bila vitu vyake.

Anza na hili la Kyela. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Uyole imeizidi Kyela kwenda juu kilomita moja na kitu. Ni sawa na mtu wa Mbeya asogee unene wa penseli kuelekea Dar es Salaam, halafu adai ameikaribia. Kwa hiyo ukaribu na jua uutoe kabisa kwenye hesabu.

Jua linapasha ardhi, ardhi ndiyo inapasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ikipanda inatanuka, na ikitanuka inapoa. Hili wewe unalijua kwa vidole. Ukiminya valvu ya tairi upepo ukatoka kwa kasi, si unausikia wa baridi? Ndiyo hiyo hiyo. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi sita au saba hivi. Mpe mtoto valvu aishike, usimpe maelezo.

FundiWaUyole:
Mwalimu, tairi nimeshika miaka kumi na tano sijawahi kuwaza hivyo. Ndaga fijo. Sasa na baridi ya Juni?

Kijana_wa_Makete:
Hapo mtoto kaonewa. Mwanzoni mwa Julai Dunia kweli inakuwa mbali zaidi na jua, kama kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari inakuwa karibu, milioni 147. Na huku Julai sakitu inaunguza viazi. Kwa hiyo kapatia.

MwlMstaafu_Tukuyu:
Kijana, namba zako ni sahihi ila hitimisho hapana. Hiyo Julai ya milioni 152, Ulaya ndiyo wanakwenda kuogelea. Umbali ungekuwa ndio sababu, Dunia nzima ingetetemeka pamoja. Sababu ni mhimili, yaani ule mstari wa kufikirika unaopita kaskazini hadi kusini ambao Dunia inajizungusha juu yake. Umeinama nyuzi 23 na nusu. Juni upande wa kaskazini ndio umelielekea jua, sisi wa kusini mwa Ikweta tunapata miale ya kulala. Ya kulala inasambaa eneo kubwa, haichomi.

Fundi, chomeka kijiti cha mita moja uani, wima. Kwa Mbeya jua linafika kilele kama saa saba kasoro robo, siyo saa sita kamili, kwa sababu tuko magharibi na saa yetu ni ya watu wa mashariki. Pima kivuli muda huo, mwone kimelala upande gani.

Mama_Vwawa:
Kuhusu kimondo, mlete huku kwetu Mbozi! Kipo, kinashikika, kina urefu wa mita tatu hivi na uzito unatajwa kuwa tani 12. Wanasayansi walikijua mwaka 1930, wenyeji walikijua zamani. Ni chuma kitupu karibu chote, kama asilimia 90, na nikeli kidogo. Muulize binti: nyota ni kama jua letu, na ndani ya jua zinaingia Dunia zaidi ya milioni moja. Ingeanguka hapa Mbozi tungebaki? Kimondo ni kipande tu cha mwamba au chuma kilichokuwa kinazurura angani kikaingia kwenye hewa yetu kikawaka.

Bajaji_Mwanjelwa:
Mimi wangu alikuwa anachanganya kujizungusha na kuzunguka. Kiswahili chetu nacho, yote "mzunguko". Nikampandisha bajaji tukapiga raundi kwenye kipilefti. Nikamwambia tairi linajizungusha, hiyo ni saa 24, usiku na mchana. Bajaji inazunguka kipilefti, hiyo ni siku 365 na robo, mwaka. Hajakosea tena. Askari alitaka kujua ninatafuta nini pale raundi ya nne.

Mama_Wawili_Iringa:
Vyote vizuri, ila niseme kama mzazi aliyeumia: kwenye mtihani ukiandika "tairi la bajaji" unapewa sifuri. Wangu alijua kila kitu kwa macho, maneno ya kitabu hana. Kata ukurasa katikati. Kushoto neno la kitabu, kulia alichokiona. Uvukizi, na kulia maji ya kanga iliyoanikwa. Mmomonyoko, na kulia nguzo za Isimila (sisi tulikwenda, maji yamechonga udongo hadi zimesimama kama watu). Magma ni ikiwa bado chini, ikishatoka nje inaitwa lava. Na hapa wengi wanaanguka: mvua ya leo ni hali ya hewa, lakini Juni kuwa na baridi kila mwaka ni tabianchi, inapimwa kwa miaka kama 30.

MwlMstaafu_Tukuyu:
Mama kasema kweli. Kwa volkano msiende mbali: Rungwe ni volkano, Ziwa Ngozi limekaa kwenye shimo la volkano, na Daraja la Mungu pale Kiwira ni lava iliyoganda. Hata lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, liweke kwenye ndoo ya maji uone linavyoelea. Lilijaa hewa likiwa bado la moto.

Mbarali_Mpunga:
Mmesahau kupatwa kwa jua! 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa. Mwezi ulipita katikati lakini ulikuwa mbali na sisi, ukaonekana mdogo, ukashindwa kulifunika jua lote. Ikabaki pete. Kuku walichanganyikiwa, na mimi pia.

FundiWaUyole:
Mrejesho wakuu. Jumamosi tumechomeka kijiti. Saa saba kasoro robo kivuli kilikuwa sentimita 63, kimelala kusini. Nikamwambia mwalimu anasema Desemba kitahamia kaskazini na kitakuwa kifupi kuliko nusu ya hiki. Hakuamini. Kachukua rangi nyekundu ya tenki, kapaka alama ncha ilipofika, na kanikataza kuegesha pikipiki ya mteja hapo mpaka Desemba.