Difu ya gari la rimoti inavuja ingawa oringi ni mpya

Swali
Habari zenu ndugu. Gari langu la rimoti, la kipimo cha 1/8 (yaani moja ya nane ya gari halisi), lina difu tatu (visanduku vya gia vinavyoyaruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti), na ile ya nyuma, ambayo huijaza mafuta ya silikoni ya namba 3,000 (namba ya uzito wa mafuta), hupungukiwa mafuta kila baada ya siku chache. Nimekwisha kubadilisha oringi za shafti (pete za mpira za kuzuia mafuta) mara mbili pamoja na gasketi ya kifuniko, lakini mafuta bado yanalowesha boksi la gia na kunasa vumbi. Ni wapi ninapokosea?

Jibu la kwanza
Kabla ya kununua oringi nyingine, tafuta mafuta yanapotokea. Safisha difu, ikaushe, uilaze juu ya karatasi laini usiku kucha, kila upande kwa zamu yake; doa litakuonyesha kama yanapita kwenye shafti, kwenye gasketi au kwenye matundu ya skrubu. Je, unajaza kiasi gani? Wengi hujaza hadi ukingoni, ilhali mafuta hutanuka yakipata joto, na yakikosa nafasi huisukuma hata oringi mpya. Mimi huishia pale yanapofunika gia ndogo za ndani, nikasubiri mapovu yapande, ndipo nikaongeza kidogo.

Jibu la pili
Nakubaliana naye, ila kifuniko cha plastiki mara nyingi hakikai sawasawa. Kisugue taratibu juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo, ukioshe vumbi lote, kisha ukaze skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo, kwa sababu plastiki huliwa meno upesi. Angalia pia oringi zenyewe: za mpira wa silikoni hufura ndani ya mafuta ya silikoni, kwa hiyo ni heri za mpira wa nitrili.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Doa liko kwenye shafti ya kushoto peke yake, na nikipitisha ukucha nahisi mfereji pale oringi inapokaa. Nakiri pia kwamba nilikuwa nikijaza hadi juu. Nitaibadilisha shafti hiyo; je, na ya kulia niibadilishe?

Jibu la kwanza
Kama ukucha haukwami, iache. Unapoipitisha shafti mpya, ipake grisi kwanza na uizungushe polepole, maana tundu la pini lina ukingo mkali unaoweza kuikata oringi bila wewe kuona. Nashuku kwamba zile mbili za mwanzo ziliharibika hivyo.