SIKI SIYO UKAVU! Yule mhudumu wa kiwanda cha mvinyo njia ya vumbi atuheshimu

Binti Kizibo: Wakuu, jina silitaji, waliowahi kupita njia ile nje ya Dodoma mnamjua. Leo kwenye kuonja mvinyo mgeni kauliza kistaarabu kabisa: "Kaka, mbona mvinyo huu umekuwa siki?" Kajibiwa: "Dada, huo ndio ukavu wake. Hujazoea." HUJAZOEA! Mbele ya watu 12!

Mvinyo mkavu ni ule ambao hamira imekula sukari ya zabibu karibu yote, ikabaki pombe. Basi. Hauna utamu, lakini hauchubui koo. Siki ni kwamba hewa imeingia na bakteria wameigeuza pombe kuwa asidi. Harufu inakupiga glasi haijafika mdomoni, na ukisikia kama rangi ya kucha, hiyo chupa mwaga. Chupa yenyewe ilifunguliwa Jumapili, leo Alhamisi, iko dirishani juani, kizibo kimeegeshwa tu. Mvinyo mwekundu ukifungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji unakaa siku 3 hadi 5. Dirishani Dodoma? Ule ungetosha kachumbari ya harusi tatu! Halafu mtu anaambiwa hajazoea!

Na tangi je? Liko nusu, mfuniko wazi, nzi wadogo wa matunda wanazunguka. Tangi linajazwa mpaka juu ili hewa isipate nafasi, na nzi wale ndio wanaobeba bakteria wa siki. Jibu la swali lilikuwa linaruka juu ya kichwa chake mwenyewe!

Kuonja wameanza na mtamu, ndipo mweupe mkavu. Kinyume! Mweupe mkavu kwanza, mwekundu mkavu, mtamu mwisho, la sivyo kila kinachofuata baada ya mtamu kinakuwa kichungu. Mililita 30 hadi 50 kwenye glasi yenye shina, siyo kikombe cha plastiki. Joto lake: mweupe nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, mwekundu 15 hadi 18. Ule ulikuwa maji ya kuoga. Ndoo ya kutemea hakuna, maji ya kusukutua hakuna. "Hujazoea"!

Mzee wa Hombolo: Pole binti. Ila Novemba mtu anaenda kutazama nini kiwandani? Mavuno ni Februari mpaka Aprili, tena Agosti mpaka Septemba. Nenda mwishoni mwa Agosti asubuhi, utaona zabibu zikipondwa na maganda yanayoelea yakishindiliwa mara 2 au 3 kwa siku.

Kachumbari Asilia: Watu 12 na hakuna aliyetema? 😂😂 Mmezoea nyote.

Mkulima Mpunguzi: Mnalilia glasi moja. Zabibu zinafika brix 21 (kipimo cha sukari), mkulima anaambiwa vuna, subiri gari. Gari linakuja siku ya nne! Kreti za chini zimepasuka, maji yanachuruzika, zimeanza kuchacha zenyewe. Dalali anakata bei nusu. Siki inaanzia hapo.

Binti Kizibo: Pole mkulima. Lakini HUJAZOEA jamani??

Mzee wa Hombolo: Mkulima, msivune gari halijafika. Na vuneni alfajiri, kreti zikae kivulini, msizijaze mpaka zabebane.

Mkulima Mpunguzi: Mzee, Machi mvua inanyesha, ugonjwa wa ubwiri unga umeingia, zabibu zinapasukia mtini, sukari inashuka. Nisubiri gari la nani?

Jirani wa Veyula: Na ile "juisi halisi ya zabibu" ya stendi, nusu maji nusu sukari, mtaifungulia uzi lini? Zabibu yenyewe imepita karibu na ndoo tu!

Kachumbari Asilia: Hiyo ni rangi, jirani.

Mche Mmoja: Samahani wakuu, vipando vya zabibu aina ya Makutupora nyekundu vinapatikana wapi?

Mzee wa Hombolo: Anzia kituo cha Makutupora cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Chagua kipando cha unene wa penseli, macho 4, mawili yaingie ardhini. Sehemu ya chini ikate mlalo na ya juu mshazari, usije ukapanda kichwa chini.

Mche Mmoja: Asante mzee. Nguzo za kubebea mizabibu niweke miti au zege?

Mkulima Mpunguzi: Kwa mchwa wa huku? Zege.