"Kuna nafasi", NAFASI YA WAPI WEWE???

Wadau naandika hasira bado ziko kooni. Yule jamaa, mnamjua, simtaji, yule mwenye foo wili iliyojaa mataa mpaka juu ya paa utadhani anaenda kuvua samaki usiku. Leo kanikuta kwenye kile kipande chembamba, changarawe tupu, mimi napanda na gia namba moja gari limejaa watu na mizigo, yeye anashuka mtupu. Kushoto mwamba, kulia hakuna kitu, narudia HAKUNA KITU, ukidondosha kiatu unaoa unazaa hakijatua. Akasimama, akawasha mataa yote, akashusha kioo vidole viwili vumbi lisimguse, akasema "rudi tu dada, kuna nafasi".

Nafasi ya wapi?? Nyuma yangu kona, nyuma ya kona hewa! Si anayeshuka ndo anampisha anayepanda? Ukishasimama kwenye changarawe na mlima ule kuondoka tena ni klachi kunuka na matairi kuchimba mashimo, hata kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza kanuni ya 155 kinasema mpishe anayepanda. Na pa kupishana palikuwa mgongoni kwake hapo hapo! Abiria wa nyuma wanasali, wa mbele kashuka kimya kimya kutafuta jiwe la kuzuia tairi, bwana mkubwa anatafuna bablishi. "Kuna nafasi."

Nikarudi, na handibreki na jiwe na machozi. Akapita AKAPIGA HONI YA KUSHUKURU. Halafu kaachia gari frii, anashuka na breki peke yake, harufu ya breki imebaki na sisi. Kuna nafasi!!!

Gia Nzito: Huyo huyo alimwambia dereva wa tipa asogee pembeni, na pembeni yenyewe ilishaondoka na mvua

kiberiti_kibichi: Kanuni ya 155 😂😂 dada ulikuwa mlimani au kwenye mtihani

Mleta uzi: @kiberiti nyuma yangu kulikuwa na HEWA

Utingo Mstaafu: Siku hizi mkiambiwa mrudi nyuma mnalia. Sisi tulikimbia nyuma ya lori na jiwe mkononi mlima mzima

Mleta uzi: Jiwe nilikuwa nalo mzee wangu, nafasi ndo sikuwa nayo

Kona ya Saba: Mlima gani huo wa kulilia, nendeni Sani Pass, Afrika Kusini kwenda Lesotho, kileleni mita zaidi ya 2,800 juu ya usawa wa bahari, huna foo wili upande wa Afrika Kusini wanakugeuza mpakani

Gia Nzito: Sani unaitaja kila uzi, hata ule wa bei ya betri

mama_changarawe: Mnasahau adui mwenyewe, hawa wanaopitisha greda mara moja wakapotea. Mvua mbili tatu yale mawimbi ya barabarani yamerudi, ukienda taratibu meno yanagongana, ukikimbia tairi zinaelea na kona hiyo hapo

Kona ya Saba: Punguza upepo kwenye tairi mama

Utingo Mstaafu: Apunguze mawe yampasue ubavu wa tairi?

mama_changarawe: Kwani nimeomba ushauri

kiberiti_kibichi: Hapo hapo kwenye upepo wakuu, gari yangu ya chini, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilishagonga jiwe inatoa jasho la oili, naweza kupanda nayo?

Mleta uzi: Jamani huu uzi ni wangu

Gia Nzito: @kiberiti lete picha ya sampo