Fuwele zangu za perovskaiti zimefifia, nimekosea wapi?

MwanaMaabara_Roysambu: Wakuu, nisaidieni. Niko kwenye utafiti wa uzamili hapa Nairobi, natengeneza fuwele ndogo za CsPbBr3, yaani perovskaiti (aina ya mpangilio wa fuwele) ya seziamu, risasi na bromini. Siku ya kwanza ziliwaka kijani chini ya taa ya urujuanimno hadi mlinzi wa jengo akaja kuchungulia. (Taa yenyewe ni ile ya kukagulia noti bandia, niliichukua River Road.) Nikaziosha kwa asetoni mara 3. Kesho yake mwanga haufiki hata nusu, ingawa rangi ni ileile. Msimamizi kasema "kasoro hizo", akaenda zake. Ninunue kemikali safi zaidi? Pesa yenyewe hakuna.

Fundi_wa_Nuru: Kemikali ziache kwanza. Umeosha mno. Fuwele hizo zimevikwa koti la asidi ya oleiki na oleilamini, molekuli ndefu zinazoshika uso wake. Asetoni hulivua, nalo likitoka huondoka na bromidi (ioni za bromini) za juu. Panabaki nafasi tupu, risasi iko wazi. Elektroni iliyopaswa kukutana na shimo lake (pengo inaloliacha ikirushwa juu na mwanga) itoe mwanga inanaswa hapo, nishati inaishia kuwa joto. Rangi haijabadilika kwa sababu zinazowaka ni zilezile, ila zimepungua.

Bodaboda_wa_Sayansi: Si tunaambiwa perovskaiti hizi zinavumilia kasoro?

Fundi_wa_Nuru: Ndani, ndiyo. Nafasi tupu ya bromidi huweka ngazi yake ya nishati karibu na ukingo wa mkanda, yaani eneo la nishati ambamo elektroni hutembea huru, kwa hiyo elektroni haikwami sana. Ndiyo maana CsPbBr3 inang'aa hata kwa mikono yetu hii, lakini CsPbCl3, yenye klorini badala ya bromini, inasumbua: kasoro zake huzama katikati ya pengo la nishati, elektroni inakwama. Juu ya uso ni habari nyingine.

MamaKemia: Mwanangu, usikope bado. Gawa mara mbili. Sehemu moja iache, nyingine tia matone ya bromidi ya risasi iliyoyeyushwa kwenye toluini pamoja na asidi ya oleiki na oleilamini. Mwanga ukirudi, mwizi ni nafasi za bromidi. Usiporudi, angalia kama kuna unga mweupe chini. Huenda ni Cs4PbBr6, kiwanja kingine cha elementi hizohizo, na matone machache huenda yasitoshe. Siku nyingine osha kwa methili asetati, mara 1 tu. Na mabaki ya risasi usimwage kwenye sinki, jameni.

MwanaMaabara_Roysambu: Asante mama. Nimejaribu leo. Chupa ya pili inawaka, si kama siku ile ya mlinzi, lakini inawaka. Ya kwanza imelala vilevile. Sasa toluini ndiyo imeisha.